Nilirudisha vijiko vya hoteli mbele ya kanisa zima, nikabaki na jina la mtu

Wakuu, salamu kwenu. Mnaostahili kuniamkia niamkieni kimoyomoyo, mimi nina miaka sitini na kitu na macho yangu hayapatani na simu.

Humu nimekuwa msomaji tu kwa miaka. Nasoma nyuzi zenu za mapenzi, nacheka peke yangu, nazima simu nalala. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita kuna kijana alifungua uzi akauliza, "Nimeokoka lakini dhambi hainiachi, nifanye nini nipate ushindi?"

Mkamjibu kurasa tatu. Funga, omba, soma Neno, badilisha marafiki, futa namba za fulani. Mazuri yote. Lakini hakuna aliyemuuliza swali ambalo mimi niliulizwa, nikalijibu kwa uongo mbele ya watu na Mungu akisikia.

Haya ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa. Majina nimebadilisha. Hoteli sitaitaja, na ukija PM kuniuliza ni ipi nitakunyamazia. Mengine nimeyaacha yalivyo, na panaponiaibisha sikupunguza kitu.

Ni ndefu. Asiye na muda aruke mwisho, ingawa mwisho bila mwanzo hautamfaa.

Haya.

Ni miaka ya themanini, katikati hapo. Nilitoka kwetu Kakamega nikaja Malindi kwa ndugu wa ukoo aliyekuwa askari wa hoteli ya watalii. Nilikuja na mashati mawili na Kiswahili cha kuvunjia mawe. Wenyeji wa Malindi walikuwa wakinisikia naongea wananiomba nirudie. Walikuwa wameelewa vizuri tu, walitaka kucheka tena.

Yule ndugu akaniingizia kazi kwenye udobi wa hoteli. Tuliitwa watu wa dobi. Nguo za wageni, mashuka, taulo, yote yalipita kwetu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Kahindi.

Kahindi alikuwa Mgiriama wa huko Magarini, amenizidi kama miaka kumi, ana mke na binti mdogo aitwaye Sidi. Alikuwa mpole hadi anaudhi. Yeye ndiye aliyekuwa mchambuaji, yaani nguo ya mgeni ikifika ni yeye wa kwanza kuishika: anatazama alama ya chumba, anapekua mifuko, anatenga nyeupe na za rangi, kisha ananipa mimi niingize kwenye mashine. Kitu akikikuta mfukoni anakiweka kwenye kopo la maziwa juu ya rafu na kuandika namba ya chumba kwa chaki ukutani.

Sheria ilikuwa hiyo, na kwa Kahindi hata pini ya nywele ilienda koponi.

Tulikaa pamoja pia. Yaani chumba changu na chake vilikuwa kwenye ploti moja pale Muyeye, nyumba ya Bi. Zuhura, mwanamke wa mjini, mcha Mungu, mkali kwa usafi wa choo. Mke wa Kahindi akipika mchunga, ile mboga chungu ya kwao, na sima ananiletea sahani. Nawaambia hivi mjue nilimfanyia nani.

Siku hiyo ilikuwa asubuhi. Kahindi akanipa shati la mgeni mmoja, la kitani, ameshalipekua. Nilipolikung'uta niliingize mashinini nikahisi kitu kigumu kwa ndani. Lilikuwa na kimfuko kidogo cha siri upande wa ndani, ambacho hata Kahindi hakukiona.

Mkufu wa dhahabu.

Sikuwahi kushika dhahabu maishani. Sikuwa na njaa, sikuwa na mgonjwa, wala sikuwa na mchumba wa kumpa. Mnaotafuta sababu ya kunihurumia hapa hamtaipata. Niliutazama, nikatazama kopo la maziwa pale juu, nikainama kama mtu anayejikuna mguu nikausukuma ndani ya soksi.

Jioni mgeni akapiga kelele hadi mapokezi. Meneja, Mtaliano mmoja mwenye uso mwekundu, akashuka dobi na kuuliza ni nani anayepekua mifuko.

Kahindi akasema, "Ni mimi."

Hakusema zaidi ya hapo kwa sababu aliulizwa hilo tu, na jibu lake lilikuwa kweli.

Askari wakamchukua. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mguu wangu umekuwa mzito kana kwamba nimefungwa jiwe.

Kesho yake asubuhi askari wa hoteli wakaja Muyeye kupekua chumba cha Kahindi. Nikasikia sauti zao uani, nikadhani na changu kitapekuliwa. Nikaenda chooni. Choo kilikuwa cha shimo. Nikautoa mkufu kwenye soksi nikauangusha.

Haukutoa hata sauti.

Chumba changu hawakukigusa.

Kahindi alirudi siku ya tatu, hakushtakiwa kwa kuwa kitu hakikuonekana. Alikuwa anachechemea. Hakusema kilichompata, nami sikuuliza. Kazi ameachishwa. Na Malindi ya wakati ule hoteli zilikuwa zinajuana. Ukifukuzwa hii kwa wizi, ile nyingine imeshasikia kabla hujafika getini.

Halafu Bi. Zuhura akamwambia ahame, hataki mwizi nyumbani kwake. Walihama na mvua inanyesha, Sidi yuko mgongoni kwa mama yake amefunikwa kwa gunia la nailoni. Mimi niliwasaidia kubeba kitanda.

Ndiyo, wakuu. Kitanda nilibeba.

Walipata kibanda cha makuti upande wa pili wa Muyeye. Kahindi akawa mtu wa vibarua, leo kuchimba msingi, kesho kupakua mifuko ya simiti. Na katika hali hiyo ndipo akaokoka, kwenye kanisa dogo la mabati lililokuwa limejaa watu wa bara, wapishi, walinzi, mafundi, na Wagiriama wachache.

Siku moja akaja hadi mlangoni kwangu. "Zablon," akasema, "Jumapili njoo kanisani nami."

Ningemkatalia vipi? Nikaenda.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu kuna watakaosema sikuokoka, niliigiza tu. Si kweli. Nilienda kwa aibu, lakini nilipofika nililia machozi ya haki. Sigara iliniacha. Mnazi niliokuwa nikinywa kila Jumamosi uliniacha, hata harufu yake ikawa inanichefua. Wanawake wa kupita, nikaachana nao. Nilifunga, niliomba, nilisoma Neno kwa taa ya kibatari hadi nyusi zikaungua. Yote yale mliyomwambia yule kijana niliyafanya, na yalifanya kazi.

Nilishinda kila dhambi isipokuwa moja.

Kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Lilikuwa likiamini kwamba toba bila kurudisha ni kelele. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa kulikuwa na Jumapili ya mkeka. Mkeka unatandikwa mbele ya madhabahu, na kila aliyeokoka anakuja na alichoiba zamani anakiweka pale. Nimeona jembe. Nimeona redio. Nimeona mama mmoja ameleta kuku na vifaranga vyake, kwa kuwa kuku aliyemwiba alishaangua, naye akaona haki ni kurudisha na ukoo. Ukishaweka, mwinjilisti na washirika wawili wanakusindikiza kwa mwenye mali.

Ilikuwa desturi nzuri. Mpaka leo siisemi vibaya. Lakini mimi niliipatia mlango wa nyuma.

Maana kila mtu pale alipimwa kwa alicholeta. Na wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi. Mkufu uko chini ya choo cha Bi. Zuhura. Sina cha kuweka mkekani. Nikajiambia, kwa akili kabisa, kwamba kwa kuwa kitu hakipo basi hakuna cha kurudisha, na kwa kuwa hakuna cha kurudisha basi hilo nimalizane na Mungu kimya kimya, yeye anajua.

Lakini vitu vingine vya hoteli nilikuwa navyo. Taulo, vijiko, sabuni, viango vya nguo, kisahani cha kuwekea majivu ya sigara chenye picha ya samaki. Watu wa hoteli wote walikuwa na vitu hivyo majumbani, sikuwa peke yangu. Nikavifunga vyote kwenye shuka. Shuka lenyewe la hoteli pia.

Jumapili ya mkeka ikafika. Furushi lilikuwa kubwa. Nilipoinuka kulibeba, Kahindi akainuka kwenye benchi lake, akashika upande wa pili.

Tukalibeba wawili hadi mbele. Tukaliweka. Nikafungua. Kanisa likalipuka kwa shangwe, hakuna aliyewahi kuleta vingi hivyo.

Kahindi hakurudi kukaa. Alibaki amesimama kando yangu. Nilidhani ananitia moyo.

Mwinjilisti akatazama vile vitu, akanitazama mimi, akauliza kama alivyokuwa akimuuliza kila mtu: "Ndugu Zablon, ni haya tu?"

Nikasema, "Ni haya tu."

Wakaanza kuimba. Kahindi akanitazama kidogo, akarudi kwenye benchi.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Baadaye tukasikia amechukua mke na mtoto amerudi kwao Magarini kulima. Katika maombi ya kanisa tukamwombea, "ndugu yetu aliyerudi nyuma." Nadhani mimi ndiye niliyeongoza maombi hayo.

Hotelini nako, meneja alipoona nimeleta vijiko kwa miguu yangu mwenyewe, tena na mwinjilisti, alishika kiuno akacheka, kisha akaniamini. Mwezi uliofuata nikafanywa mchambuaji. Kazi ya Kahindi. Kopo la maziwa likawa langu.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kidogo.

Ushuhuda wangu ukapata jina, ukaitwa ushuhuda wa vijiko. Nikaitwa Watamu, nikaitwa Gongoni, nikaitwa Kilifi kwenye mkutano mkubwa. Nilijua pa kunyamaza, nilijua pa kutoa leso. Kulikuwa na mahali nilikuwa nachekesha, kuhusu kile kisahani cha samaki, kisha nawaliza. Nikafanywa mzee wa kanisa kabla sijafika thelathini. Watu walikuwa wakisema, yule Zablon ana ushindi.

Na mimi nilikuwa siwezi kula mchunga. Mke wangu, maana nilikuwa nimeshaoa, akiupika nilikuwa natoka nje. Hakujua kwa nini. Nilimwambia unanivimbisha tumbo.

Ilikwenda hivyo miaka kama mitatu.

Siku moja, baada ya ibada, akanifuata mwanamke mmoja aliyeokoka juzi, tumwite Mama Furaha. Alitaka kuniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye bingwa wa kurudisha. Alikuwa amemzushia jirani yake uchawi. Na mnaoijua Pwani yetu mnajua neno hilo likimwangukia mtu, hasa mtu mzima mwenye mvi, linaweza kumfikisha wapi. Yule jirani alikuwa hasalimiwi tena hata kisimani.

Mama Furaha akaniambia, "Mimi sikuiba kijiko, Ndugu Zablon. Nalisema maneno tu. Sasa siku ya mkeka nitaweka nini?"

Nikafungua mdomo nimpe jibu la mzee wa kanisa, likakataa kutoka. Nikasema tu, "Nenda ukamwambie mwenyewe. Na wale uliowaambia, uwaambie tena."

"Peke yangu? Bila mwinjilisti?"

"Peke yako."

Jumapili iliyofuata nikamwona, shavu limevimba. Yule jirani alimzaba kofi, kisha wakalia wote wawili hadi adhuhuri. Mama Furaha alikuwa na furaha ya jina nililompa humu. Akanishika mikono kunishukuru.

Nilirudi nyumbani nikajifungia. Wiki nzima sikula vizuri. Mwanamke asiyejua hata kusoma amekwenda kwa neno langu mimi, na mimi mwenye neno sijaenda.

Basi nikaenda Magarini.

Nilimkuta Kahindi shambani anapalilia mihogo. Alikuwa amekonda, na mguu ule haukuwahi kupona sawasawa. Mkewe akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza habari za Muyeye, wala hakuonyesha kinyongo. Tukakaa kwenye vigoda nje ya nyumba.

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea. Nikasema, "Kaka Kahindi, mkufu niliuchukua mimi."

Alikuwa ameshika muhogo, anautoa udongo kwa kidole gumba.

"Nalikuona," akasema.

Sikuelewa.

"Nalikuona siku ile ile, Zablon. Nalikuona wainama, washika soksi. Nikasema, labda ni mdudu. Mtu huweza kujikuna."

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja kwa lipi? Mkufu sikuuona. Naliona mtu akiinama, basi. Ningesema ni wewe, na kama siwe? Ningekuwa nimemfanyia mwenzangu yale yale niliyofanyiwa mimi."

Wakuu, mtu huyo alikuwa amepigwa siku tatu akiwa na jina langu mdomoni, na hakulitoa, kwa sababu hakuwa na hakika.

Akaendelea, bila kuniangalia. "Ndipo nikakwita kanisani. Nikasema, kama ni yeye, kule atasema mwenyewe. Nikangoja. Siku ya mkeka nikakusaidia kubeba, nikasema leo ndiyo leo. Mwinjilisti akakuuliza kama ni hayo tu."

Hakumalizia.

Nikalia. Akaniacha nilie. Nilipotulia nikamwomba msamaha, akasema amenisamehe zamani. "Kusamehe hakukunishinda," akasema. "Kilichonishinda ni kukaa benchi moja nawe tuimbe."

Nikamwambia Jumapili nitasimama mbele ya kanisa lote niseme kila kitu.

Hapo ndipo nilipomwona amekasirika kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"La. Kanisani usiseme."

"Kwa nini, kaka?"

"Kwa sababu nakujua. Utasimama, utalia, watu wataimba, watakupa mikono. Utashuka pale mshindi kuliko ulivyopanda. Nami nitakuwa kijiko kingine juu ya mkeka wako. Usinifanye ushuhuda, Zablon."

"Sasa nifanye nini?"

"Nenda kwa wale walioniita mwizi. Mlango kwa mlango. Na pasiwe na wimbo."

Nikarudi Malindi kufanya alivyosema.

Nilianza na hoteli. Yule Mtaliano alikuwa ameshaondoka nchini, kuna meneja mpya. Akanisikiliza huku anatafuta kalamu, akasema mambo hayo ni ya kabla yake, akaniagizia soda. Soda! Nilitaka wamwandikie Kahindi barua. Akasema hajui Kahindi ni nani na hawezi kuandika barua kuhusu mtu asiyemjua. Mwisho wa mwezi nikaambiwa kazi yangu imekwisha. Sikubisha.

Nikaenda kwa watu wa dobi. Wawili walikasirika, mmoja akacheka, mwingine akasema, "Kahindi yupi? Yule mfupi?" Kahindi alikuwa mrefu.

Hilo liliniumiza kuliko matusi. Jina la mtu nililichafua hadi akakosa kazi mji mzima, na waliolichafua nami hawakuikumbuka hata sura yake.

Muyeye nikapita chumba kwa chumba. Wapangaji wengi walikuwa wapya. Wananisikiliza kwa adabu, wananitazama kama mtu ambaye kichwa kimeanza kupata joto.

Bi. Zuhura ndiye niliyemwogopa, nikamweka mwisho. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi. Zuhura."

"Marahaba mwanangu. Karibu kitako."

Nikamwambia. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Mkufu u wapi?"

"Niliutupa chooni. Hapa kwako."

Kisha akasema, "Mimi nalimtoa mtu nyumbani kwangu na mvua yanyesha, na mtoto mgongoni. Nikasema nalinda nyumba yangu na haramu. Kumbe haramu yenyewe yalala humu humu, yanilipa kodi. Nawe leo waja kutua mzigo wako, wanitwika mimi mzee."

Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Huyo wa kunisamehe mimi yuko Magarini," akasema. "Nenda zako."

Nilisikia baadaye kwamba alimtuma mwanawe Magarini na kitenge na unga kwa mke wa Kahindi. Kama yeye mwenyewe alikwenda sijui.

Habari zikafika kanisani bila mimi kuzisema pale, kama Kahindi alivyotaka. Wazee wakaniita. Hawakunisikia nikilia kwa leso wala nikichekesha kuhusu samaki. Wakaniondoa uzee, wakanisimamisha kushiriki meza ya Bwana mwaka mmoja. Watamu hawakuniita tena. Kilifi hawakuniita. Mke wangu alikaa miezi mitatu hazungumzi nami ila kwa mambo ya nyumba.

Nikanunua pasi ya makaa nikawa nawapigia watu nguo pasi kibarazani. Nimefanya hivyo hadi umeme ukafika na magoti yakakataa.

Hamtaona hapa mahali ambapo mbingu zilifunguka, wakuu. Ningependa niwaambie mzigo ulidondoka. Haukudondoka. Ila mchunga niliweza kula tena.

Kila mwaka nilikuwa nakwenda Magarini mara moja au mbili. Tunakaa kwenye vigoda, tunazungumza mvua na bei ya mahindi. Kanisani hakurudi maisha yake yote. Nilimwomba, mara nyingi. Alikuwa anasema, "Nasali hapa shambani, Mungu si kiziwi." Mtu aliyenivuta mimi mlangoni, mimi nilimtoa mlangoni. Hilo silijui nitalirudishaje, na nimeacha kujidanganya kwamba lina mkeka wake.

Kahindi alifariki mwaka jana.

Nilikwenda kuzika. Sidi sasa ni mama wa watu wazima, mwalimu, ndiye aliyesoma historia ya marehemu. Alipofika pale pa kazi, akasoma, "Alifanya kazi hotelini Malindi, kisha akarudi nyumbani kulima." Akapita haraka.

Nyuma yangu walikuwa wamekaa wazee wawili. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Si ndiye yule wa mkufu?"

Zaidi ya miaka thelathini, wakuu. Mimi nilidhani nimemaliza milango.

Nikamfuata Sidi kabla jeneza halijashushwa. Yeye anajua yote, baba yake alimwambia. Nikamweleza niliyoyasikia, nikamwambia marehemu alinikataza nisimtolee ushuhuda, sijui nifanye nini.

Akasema, "Baba alikukataza kanisani, amu. Hapa ni kwake."

Akanipa kipaza sauti.

Nilikuwa na maneno mengi. Miaka yote ile niliyozunguka na vijiko, nilijua jinsi ya kuanza, jinsi ya kupanda, jinsi ya kutua. Yote yakaja mdomoni kama mbwa waliosikia jina lao. Nikayafukuza.

Nikasema, "Mimi ni Zablon. Kahindi hakuwahi kuiba. Mkufu wa hotelini niliuiba mimi, nikanyamaza, akaadhibiwa yeye."

Nikarudisha kipaza sauti.

Hakuna aliyesema Amina. Hakuna aliyeimba. Mtoto mmoja akakohoa. Wale wazee wawili wakaangalia chini. Kisha wakaendelea na kuzika.

Kijana uliyeuliza kuhusu ushindi, jibu langu ni hilo. Funga na uombe kama walivyokwambia. Lakini kaa ujiulize ni nani anayesimama kando yako akingoja useme, kisha nenda kwake kabla hajarudi kwenye benchi. Usiende na furushi.

Maswali ulizeni, nitajibu macho yakiniruhusu. Mwenye hasira nami aandike, nitasoma yote, ni haki yake. Mwenye la kwake la kusimulia alete, ila kama yule uliyemkosea bado yu hai, funga huu uzi uende kwake kwanza.

Amina tu ndiyo naomba msiniandikie.